Akili Unde na Mtungaji wa Matangazo: Historia ya Shindano na Funzo kwa Mhakiki

Utangulizi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walipotoa kauli hii hawakujua kwamba siku moja kizuri na kibaya vyote vingetembezwa, tena na mashine. Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, mmezoea kulichambua tangazo la biashara kama sajili: mnatafuta takriri, chuku, sentensi fupifupi na lugha ya kushawishi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba akili unde nayo ilifunzwa kutunga matangazo kwa zoezi linalofanana sana na hilo. Kwa hivyo, swali la iwapo mashine inaweza kumshinda binadamu kwa ubunifu linatuhusu sisi darasani pia. Linatuuliza: uhakiki wetu unapima nini?

Ubunifu kabla ya mashine

Tuanzie New York, mwaka wa 1959. Kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ilikuwa na kazi ya kuwauzia Wamarekani gari dogo la Kijerumani, Volkswagen. Wakati huo magari ya Marekani yalikuwa marefu na mapana, na aghalabu yalisifiwa kwa ukubwa na fahari. Mtungaji Julian Koenig na msanii Helmut Krone wakafanya kinyume. Waliacha sehemu kubwa ya ukurasa ikiwa tupu, wakaweka picha ndogo ya gari, kisha wakamhimiza msomaji afikirie udogo. Mwaka wa 1999 jarida la Advertising Age liliitaja kampeni hiyo kuwa bora zaidi katika karne ya 20.

Zingatia jambo moja hapa. Mtu ambaye angekusanya matangazo ya magari yaliyotangulia na kuyachambua kwa makini angehitimisha kwamba gari husifiwa kwa ukubwa. Mifano tele ingemuunga mkono. Koenig na Krone hawakuongozwa na mifano hiyo. Walimwangalia msomaji wao, wakatambua kwamba aliyezoea majigambo angeshtushwa na unyenyekevu.

Shindano la Japani

Mwaka wa 2016 tawi la Japani la kampuni ya McCann lilitangaza kwamba limepata mkurugenzi mpya wa ubunifu, naye si binadamu. Programu hiyo iliitwa AI-CD β. Ilifunzwaje? Wataalamu walichukua matangazo yaliyoshinda tuzo katika tamasha la kitaifa la matangazo ya redio na televisheni kwa miaka 10, wakayachambua moja baada ya jingine na kuyabandika vitambulisho: aina ya bidhaa, lengo la kampeni, hadhira, na dai linalotolewa. Bila shaka zoezi hili si geni kwako.

Baadaye programu hiyo ilishindanishwa na mtungaji Mitsuru Kuramoto katika tangazo la peremende za Clorets. Ujumbe ulikuwa mmoja: kwamba peremende hizo huburudisha pumzi papo hapo, na athari yake hudumu kwa dakika 10. Mashine ilitoa maelekezo ya kiubunifu tu. Watu ndio waliotengeneza filamu yenyewe. Umma ukapiga kura. Binadamu alipata asilimia 54, mashine asilimia 46.

Wapo walioshangilia ushindi huo. Hata hivyo, tusiharakishe kupiga vigelegele. Ikiwa mashine iliyofunzwa kwa kubandika vitambulisho iliwapendeza karibu nusu ya wapigakura, basi sehemu kubwa ya kile tulichokiita ubunifu ilikuwa ufuasi wa kanuni.

Yaliyofuata

Mwaka wa 2018 kampuni ya Lexus ilitoa tangazo ambalo hadithi yake ilitungwa na Watson, mfumo wa IBM, uliofunzwa kwa matangazo yaliyotuzwa kwa kipindi cha miaka 15. Aliyeiongoza filamu hiyo alikuwa binadamu, Kevin Macdonald. Mwaka wa 2019 benki ya JPMorgan Chase ya Marekani ilitia saini mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Persado, ambayo programu yake huteua maneno ya kuwavutia wateja. Katika jaribio moja kuhusu mikopo inayodhaminiwa kwa nyumba, mashine ilianza kwa kumhakikishia mteja kuwa habari ni za kweli, na badala ya kitenzi cha kupata pesa ikatumia cha kuzifungulia. Tangazo la mashine lilivuta wateja wengi kuliko lile la binadamu.

Hapa mashine ilishinda. Lakini kipimo chake kilikuwa nini? Kilikuwa idadi ya watu walioitikia tangazo. Programu haikuhitaji kumjua mwenye nyumba, wala kujiuliza yatakayompata akishindwa kulipa.

Mwaka wa 2024 Coca-Cola ilitumia akili unde kuunda upya tangazo lake la Krismasi la mwaka wa 1995, lenye msafara wa malori mekundu. Watazamaji wengi walilikosoa. Ni bayana kwamba malori yale yalikuwa ya kukumbukwa kwa sababu watu waliyabuni kwanza.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Turudi nyumbani. Safaricom ina huduma ya kukopesha muda wa maongezi iitwayo Okoa Jahazi. Mtahiniwa atakayeandika kwamba jina hilo ni sitiari amesema kweli, ila amebandika kitambulisho tu. Mhakiki huenda mbali zaidi. Je, nani yumo jahazini? Kwa nini ukosefu wa salio ulinganishwe na chombo kinachozama? Mwokoaji ni nani, naye anatoza nini? Huduma hiyo hutozwa ada ya asilimia 10, na ada hiyo haimo katika picha ya uokoaji. Sitiari imemulika huruma na kuficha biashara. Hapo ndipo tunapoona kwamba jina zuri ni uamuzi wa mtu, na mwenye uamuzi anaweza kuulizwa.

Tangu programu ya ChatGPT itolewe mwezi wa Novemba 2022, yeyote mwenye simu anaweza kupata orodha ya tamathali za tangazo lolote kwa muda mfupi. Basi, mwalimu, swali linaloishia kwa "taja tamathali tatu" limekuwa swali la mashine. Mwulize mwanafunzi tamathali hiyo inamtumikia nani na inanyamazia nini, kisha umtuze alama kwa kuitetea hoja yake. Nawe mtahiniwa, unapotunga tangazo lako, usianze kwa kutafuta chuku. Anza na mtu mmoja atakayelisoma: ana haja gani, na amechoshwa na maneno gani?

Hitimisho

Historia hii haituambii kwamba mashine haiwezi kutunga. Inaweza, na wakati mwingine hushinda. Inatuonyesha kwamba hushinda pale tulipoifanya kazi ya ubunifu kuwa ya kunakili ya jana. Mtungaji atabaki na nafasi yake akiendelea kumtazama msomaji wa leo, na kukubali kuwajibika kwa kila neno analomwambia.