Mwethya wa Ukambani: Historia Fupi ya Kikundi Kilichotunza Ngoma

Mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu: leo shamba la huyu, wiki ijayo paa la yule, mwezi ujao bwawa la wote. Katika kaunti za Kitui na Makueni ni taasisi kongwe kuliko kanisa, shule na ofisi ya chifu. Wataalamu wa kilimo wameuandika sana kwa sababu ya matuta na mabwawa ya mchanga uliojenga. Upande wake mwingine haukupata waandishi wengi hivyo. Nyimbo za eneo hili, baadhi ya ngoma zake na ususi wa viondo vimerithishwa ndani ya vikundi hivyohivyo, na mara nyingi ni siku ileile ya kazi.

Katika mpangilio wa zamani, makazi ya Wakamba yalianza na musyi, yaani boma la familia. Maboma jirani yaliunda utui, na tui kadhaa zikaunda kivalo, eneo la watu waliosimama pamoja vitani na kukutana katika ngoma. Hapakuwa na mfalme wala jumbe mkuu. Mambo yaliamuliwa na wazee. Aliyetaka kufyeka msitu au kujenga nyumba aliwaita watu wa utui wake, akawaandalia chakula na pombe ya asali au ya miwa, iliyochachushwa kwa tunda la mwatine. Hakuna aliyelipwa. Deni lilikuwa kwenda kwa mwenzako zamu yake ilipofika, na mtu aliyezoea kukwepa alijikuta peke yake msimu wa palizi.

Kazi ilikwenda kwa wimbo, na wimbo ulikuwa na mwenyewe. Ngui ndiye aliyetunga na kuanzisha, wengine waliitikia. Ngui mzuri alitakiwa kuwa na sauti, kumbukumbu ya nasaba za watu, na ujasiri wa kumtaja mvivu au mchoyo hadharani bila kuanzisha ugomvi. Wimbo uliotungwa shambani mchana uliweza kuchezwa jioni uwanjani, kwani katika Kikamba wathi ni wimbo na ni ngoma pia, wala hakuna aliyeona haja ya kuvitenganisha.

Kati ya ngoma zote, kilumi ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Ni ngoma ya wanawake, hasa wazee, na huhusishwa na mvua, uponyaji na pepo wa mababu, yaani aimu. Huchezwa usiku, pengine hadi alfajiri. Kabla ya kuanza, ngozi za ngoma huwekwa karibu na moto hadi zikaze. Mpigaji huipiga kwa kiganja kimoja, akasikiliza, akairudisha motoni ikiwa bado inalia kwa ulegevu. Ngoma ni ndefu, mpigaji ameibana kati ya mapaja, na mara nyingi huwa mbili: moja hushika mwendo usiobadilika, nyingine huzungumza juu yake. Wachezaji hawarukiruki. Kazi kubwa hufanywa na mabega, yanayotetemeka kwa kasi huku miguu ikisogea kidogo tu. Ngoma za vijana zilikuwa tofauti kabisa, zenye firimbi, njuga na mizunguko ya hewani, na sifa ya Wakamba kama wanasarakasi wa Kenya inatokana nazo.

Wamisionari walikuta hali hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Walutheri wa Leipzig walifika Ikutha, kusini mwa Kitui, katika miaka ya 1890, kisha wakafungua kituo Mulango karibu na mji wa Kitui. Africa Inland Mission ilianzisha kituo chake cha kwanza nchini Kenya huko Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Walifika wakati mbaya: njaa ya Ngomanisye ya miaka ya mwisho ya karne hiyo iliua watu wengi na kuwatawanya waliobaki. Kwa wamisionari ngoma ilikuwa ibada ya mashetani, na muumini aliyeonekana kwenye kilumi alitengwa na kanisa. Serikali nayo ilikuwa na hofu yake. Mwaka 1911 ngoma za pepo zilienea kwa kasi Ukambani, zikihusishwa na mwanamke aliyeitwa Siotune wa Kathuke pamoja na Kiamba wa Mutuavio. Watawala waliona katika ngoma hizo ukaidi dhidi ya kodi na amri zao, wakawaondoa viongozi hao na kuwapeleka mbali. Kwa wachezaji wa Kikristo mlango uliobaki ulikuwa mmoja. Wimbo wa kazi haukuhesabiwa kuwa ibada, kwa hiyo mwethya uliendelea kuimba palipokatazwa kucheza.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na mmomonyoko wa udongo. Kufikia miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa inalalamika kwamba vilima vya Ukambani vimekwisha, na dawa yake ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga hatua hiyo. Serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe, na Muindi akahamishiwa Lamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walilazimishwa kuchimba matuta chini ya machifu, wakachimba kwa kinyongo, na matuta mengi yalibomoka mvua ya kwanza. Ni katika miaka ya 1950 ndipo maofisa wa maendeleo wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo iliimeza Makueni yote, walipokubali kuwaacha watu wachimbe kwa vikundi vya mwethya, wakichagua viongozi wao na kupanga zamu wenyewe. Maofisa waliandika kwamba wamebuni mbinu mpya. Wazee wa utui wangekuwa na neno la kusema juu ya hilo.

Wakati huohuo wanaume walikuwa hawapo. Jeshi, polisi, reli na kazi za Nairobi na Mombasa ziliwachukua, na mwethya ukageuka kuwa wa wanawake karibu kabisa. Mabadiliko haya yana maana kubwa katika historia ya muziki wa eneo hili kuliko inavyotajwa kwa kawaida, kwani ngui sasa alikuwa mama mwenye jembe. Katika kuchimba tuta la fanya juu, udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko ili kujenga ukingo. Wachimbaji husimama mstari mmoja. Ngui hutoa mstari wakati majembe yako juu, na itikio la wote huangukia pale chuma kinapogusa udongo, hivyo anayechelewa husikika kabla ya kuonekana. Katikati ya wimbo ngui huingiza habari za kijiji: mume asiyetuma pesa, chifu mla rushwa, mvua iliyopita juu bila kutua. Yakitulia vizuri, maneno hayo hurudiwa kwenye arusi na minada.

Nyimbo za aina hiyo zinajulikana mahali pengine duniani. Kusini mwa Marekani, nyimbo za vibarua wa mashamba na reli zilikuwa miongoni mwa mizizi ya muziki wa bluzi, na mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan walizunguka na mashine ya kurekodi hadi magerezani wakizikusanya kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, maana vikundi vya kazi vilivyoziimba vilikuwa vinatoweka. Ukambani mambo yalikwenda kinyume. Rekodi zilikuwa chache, lakini kikundi kilibaki hai.

Baada ya uhuru mwaka 1963, kuchimba matuta kulilegea kwa muda kwa sababu kulinuka ukoloni. Kisha mwito wa Harambee wa Rais Jomo Kenyatta ukauamsha mwethya upya kwa kazi za shule, zahanati na barabara, na matuta yakarudi bila kulazimishwa na mtu. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, na mpango wa serikali wa vikundi vya akina mama wa katikati ya miaka ya 1970 viliuongezea cheti cha usajili, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Huko Kitui, kuanzia miaka ya 1990, shirika la SASOL lilishirikiana na vikundi hivi kujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu. Mawe hupitishwa mkono kwa mkono toka ukingoni hadi ukutani, na katika kazi hiyo wimbo ndio unaopanga mwendo wa mikono.

Siasa iliipenda hali hii mno. Tangu miaka ya 1970 kikundi cha akina mama chenye sare ya leso kilikuwa sehemu ya kila mkutano wa hadhara, na nyimbo nyingi za wakati huo ni sifa kwa mgeni rasmi zilizobadilishwa jina tu kutoka mgeni hadi mgeni. Kama tungo, nyingi hazina thamani. Hata hivyo mikutano hiyo iliyapa makundi sababu ya kufanya mazoezi, nauli, na nafasi ya kusikia ngui wa tarafa nyingine.

Ususi ulikwenda pamoja na yote haya. Mwanamke wa Kikamba alisuka akitembea, akisubiri zamu kisimani, akisikiliza mkutano. Uzi wa zamani ulitoka kwenye magome ya mbuyu na miti mingine ya nyika za Kibwezi na Mutomo, baadaye katani ikachukua nafasi. Nyuzi husokotwa kwa kiganja juu ya paja, na kiondo huanzia kitakoni, nyuzi za kusimama zikitawanyika kama miale huku nyuzi za kuzungusha zikizikaza. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo viliuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani, hadi nakala za mashine kutoka Asia zilipoangusha bei. Wanaume walikuwa na sanaa yao, uchongaji, ulioenea kutoka Wamunyu, ng'ambo ya mpaka wa Kitui, kupitia Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wachongaji walijipanga kwa vyama vya ushirika, kikiwemo cha Akamba cha Changamwe, Mombasa, cha mwaka 1963. Wasusi wengi walibaki ndani ya kikundi cha mwethya, na bei ilipoporomoka kikundi kiliendelea kwa sababu kilikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Gitaa ndilo lililoonekana kutishia utaratibu mzima. Kuanzia miaka ya 1970 bendi za benga za Kikamba zilirekodi santuri katika mitaa ya River Road, Nairobi. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, walioimba kwa Kikamba na Kiswahili, walivuka mipaka ya kabila lao na kupendwa nchi nzima hadi kifo cha Kakai mwaka 1987. Peter Mwambi na Kyanganga Boys walishika nafasi yao nyumbani. Wapinzani walisema ngoma imekufa. Anayesikiliza kwa makini anakuta ngui yuleyule: hadithi ndefu yenye majina ya watu na vijiji, lawama iliyofunikwa kwa mzaha, itikio fupi, kisha gitaa la solo likijibu mahali pa waitikiaji. Malalamiko ni yale ya shambani yaliyohamia mjini, mapenzi yaliyovunjika, ukame, pesa za mshahara zilizoyeyuka. Baadaye redio za Kikamba kama Musyi FM, na redio ya jamii ya Mang'elete huko Nthongoni, Makueni, iliyoanza mwaka 2004 chini ya muungano wa vikundi vya akina mama, ziliipa lugha yenyewe nafasi ya kusikika kutwa nzima.

Maandishi yalikuja polepole. Gerhard Lindblom kutoka Sweden alichapisha uchunguzi wake juu ya Wakamba mwaka 1920. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango mwaka 1931, alikusanya hadithi za simulizi na kutoa kitabu cha Akamba Stories mwaka 1966, kabla hajajulikana duniani kwa falsafa ya dini za Kiafrika. Paul Kavyu alitoa utangulizi wa muziki wa Wakamba mwaka 1977 na uchambuzi wa muziki wa ngoma zao mwaka 1986. Mikwikali Kieti na Peter Coughlin waliongeza mkusanyiko wa fasihi simulizi mwaka 1990.

Serikali ilichagua njia ya jukwaa. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, iliajiri wachezaji wa kudumu na kujenga boma la Kikamba miongoni mwa maboma ya makabila mengine. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 likiwa la kwaya za Kizungu, lilifungua milango kwa nyimbo za asili, na wanafunzi wa Kitui na Makueni hushindana humo kila mwaka. Faida yake ni kwamba mtoto wa shule hujifunza kutetemesha mabega. Hasara yake ni saa. Kilumi cha usiku kucha hubanwa katika dakika chache mbele ya majaji, na sehemu inayokatwa kwanza ni ile ya ngui kutunga papo hapo.

Katiba ya mwaka 2010 iliutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na tangu 2013 shughuli za utamaduni zimekuwa miongoni mwa majukumu ya kaunti. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii inaipa jamii haki juu ya nyimbo na mitindo yake, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inaweka utaratibu wa kuvisajili vikundi vya aina hii. Ndani ya vikundi vyenyewe, mchango wa kila wiki sasa hutumwa kwa simu, matangi ya maji yamechukua nafasi ya matuta katika vijiji vingi, na wanaume wamerudi, ingawa wachache. Zamu hupangwa kama zamani, na siku ya kazi bado huanza pale ngui anapofungua wimbo.