Sindano Kabla ya Kisu
Mwaka 1829 tabibu Mwingereza Astley Cooper alieleza uvimbe wa titi utokanao na maradhi ambayo leo twayaita kifua kikuu. Mdudu wake hakujulikana hata Robert Koch alipomtangaza mwaka 1882. Kwa kuwa uvimbe huo hufanana mno na saratani, titi liliweza kukatwa bure. Mwaka 1930 Martin na Ellis wa New York walieleza jinsi ya kuvuta chembe za uvimbe kwa sindano. Wadudu aghalabu hawaonekani katika hadubini, lakini chembe zenyewe hutoa ushahidi. Na dawa za miezi sita kwa kawaida huponya. Basi mwanamke wa Samuye, katika nchi ya migodi ambako vumbi la mawe huwazidishia wachimbaji maradhi hayo, astahili sindano kabla ya kisu.