Dhamana ya Fidia: Lori Likigonga Mtu Tunduma, Nani Analipa?

Foleni ya malori Tunduma huanzia mpakani na, siku mambo yakiwa mabaya, hurudi nyuma kupita Chapwa kuelekea Mpemba. Katikati ya matrela hayo hupenya bodaboda, wauza mayai ya kuchemsha na wanafunzi wanaovuka barabara kuu ya TANZAM. Kisheria wote hao ni watu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye gari aliyekata bima, wa pili ni kampuni iliyomkatia, na wa tatu ni yeyote asiye na habari na mkataba wao mpaka tairi limkute.

Ni kwa ajili ya huyo wa tatu zilitungwa sheria ambazo jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, hutoa “sheria za uwajibikaji wa kifedha za wamiliki na madereva wa magari”. Tafsiri hiyo haisaidii. Mtanzania akisikia uwajibikaji wa kifedha humkumbuka CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hati chafu za halmashauri, wala halimjii lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Senjele. Wengine husema “bima ya lazima”. Hilo linaeleweka haraka, ila ni finyu, kwa sababu sheria hizi hazikuanza na bima.

Zilianza na swali: ukimvunja mtu mguu, utaweza kumlipa? Mwaka 1925 jimbo la Connecticut, Marekani, lilitunga sheria iliyomtaka dereva aliyekwisha kusababisha ajali athibitishe kwamba ana uwezo wa kulipa fidia. Kasoro yake ilionekana mapema: uthibitisho ulidaiwa baada ya ajali, kwa hiyo majeruhi wa kwanza aliweza kubaki na majeraha yake na hukumu isiyolipika. Massachusetts ikaenda mbali zaidi, na kuanzia 1927 gari halikusajiliwa bila bima au dhamana. New Hampshire, hadi leo, haimlazimishi kila dereva kukata bima, ila akisababisha ajali fidia ni juu yake.

Uingereza ilishika njia ya kulazimisha mwaka 1930, na Tanganyika ikafuata kwa sheria ya mwaka 1945, ambayo sasa ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Hiyo nayo inataka gari lisiingie barabarani bila bima au dhamana kwa ajili ya hasara za mtu wa tatu. Neno hilo la pili ndilo linalobeba istilahi nzima, na “dhamana ya fidia” inaonekana kufaa kuliko zote: inataja kinachotakiwa, yaani fedha zilizowekewa uhakika, na anayezitarajia. Ni kweli kwamba dhamana huwakumbusha wengi mahabusu ya polisi, lakini hata kule maana ni ileile, kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya ahadi.

Mtaani watu wana lugha yao, na ni nzuri. Bima ndogo ni ile ya mtu wa tatu. Bima kubwa inalipia hata gari lako. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi ilizoeleka kwa miaka mingi kuwa Sh100,000, ukiongeza VAT inakuwa Sh118,000. Zamani trafiki alichungulia stika kwenye kioo. Siku hizi namba ya gari inaingizwa kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na jibu linatoka kwenye simu.

Kulipwa kwenyewe kuna njia ndefu. Majeruhi anahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Shauri likifika mahakamani, hushtakiwa aliyesababisha ajali. Kampuni ya bima hubanwa kulipa hukumu ikiwa ilipewa taarifa ya shauri hilo. Utingo aliyeumia akiwa kazini yumo katika fungu jingine: madai yake ni ya mwajiri na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Hatua chache mbele, upande wa Nakonde nchini Zambia, bima ya Tanzania peke yake haitoshi. Hapo ndipo Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, inapoingia. Itifaki yake ilitiwa saini Addis Ababa mwaka 1986, na mpango ukaanza kazi 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya mpango huu, uamuzi ambao wenye malori ya shaba ya Kongo wana kila sababu ya kuushukuru. Kadi yenyewe si bima mpya. Inanyoosha ile ya nyumbani ifuate sheria za nchi unayopita. Lori la Tanzania likigonga Nakonde, ofisi ya mpango nchini Zambia hushughulikia madai kwa sheria za Zambia, kisha hudai marejesho Tanzania. Lori la Zambia likigonga bodaboda Tunduma, mambo hugeuka upande wa pili. Dereva asiichanganye tu na kadi nyingine ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo huulizwa mpakani.

Anayeshuka mpaka Johannesburg hukuta utaratibu wa tatu. Zimbabwe bado inatambua Kadi ya Njano, lakini akivuka Limpopo kuingia Afrika Kusini, kadi hiyo haina kazi. Huko fidia ya walioumia hutoka Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaochangiwa na tozo katika kila lita ya mafuta. Dereva analipa anapojaza tangi. Mfuko huo unahusu mwili wa binadamu tu. Akibomoa ukuta au gari la mtu, gharama hiyo itafutiwe bima nyingine.