Vipuri vya Gramafoni katika Nchi ya Shaba

Kinachokwisha upesi kuliko vyote ni sindano. Gramafoni ya kujaza kwa mkono haitaki umeme wala betri, lakini sindano yake ya chuma imetengenezwa icheze upande mmoja tu wa santuri, dakika 3 hivi, kisha itupwe. Ndiyo maana ziliuzwa kwa kopo dogo la bati lenye sindano 200. Santuri zenyewe zilichanganywa na unga wa mawe ili zisage ncha ya sindano, ikae sawasawa mferejini. Ukiitumia tena na tena, ncha hugeuka patasi na kuukwangua muziki wenyewe. Santuri nyingi za zamani zinazokoroma leo ziliumizwa hivyo, katika nyumba ambazo zilikosa kopo jipya.

Katika nchi yetu ya shaba, Katanga, gramafoni ilikuja na mshahara. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, reli ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kuelekea 1930 kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Mji wa Kolwezi ukaanzishwa 1937. Mtu mwenye nyumba na kazi ya kudumu alitafuta baiskeli, cherehani na gramafoni. Mashine moja ya kubebwa iliyojulikana sana ilikuwa HMV 102, iliyoundwa Hayes, Uingereza, kuanzia 1931 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyingine zilikuwa na injini za Thorens au Paillard, zote za mji mmoja mdogo wa Uswisi, Sainte-Croix.

Na muziki wa kuziwekea ulipatikana hapahapa. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi, mjini Jadotville, Likasi ya leo, kijana mpiga gitaa aitwaye Mwenda Jean-Bosco, wa ukoo wa Bunkeya, mji ulio sasa katika mkoa wa Lualaba. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa kwenye santuri za kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ukasikika mbali sana na migodi. Huwa nafurahi kukumbuka jinsi santuri hizo zilivyochapwa: mhuri wake hutengenezwa kwa kutandaza nikeli na shaba juu ya mfano wa santuri, kwa umeme ndani ya beseni la kemikali. Kwa njia ya jamii hiyohiyo, kiwanda cha Shituru, huko huko Likasi, kilikuwa kikisafisha shaba tangu 1929.

Mashine zenyewe zilipotea kwa misukosuko zaidi kuliko uchakavu. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, watu wakakimbia na nyumba zikaporwa. Mwaka 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala vituoni zikingoja treni. Anayeondoka hivyo huchukua watoto, masufuria na godoro. Gramafoni na santuri zinazovunjika kama sahani huachwa, au huuzwa kwa bei ya kutupa.

Sasa mwenye bahati ya kupata moja iliyobaki hukutana na springi iliyokatika. Ikikatika karibu na mwisho wake wa nje, inaokoka: ncha hiyo hupashwa moto hadi ilainike, ikatobolewa tundu jipya, ikarudishwa ndani ya pipa lake na grisi yenye grafaiti. Ikikatika katikati, hakuna dawa ila nyingine ya upana, unene na urefu uleule. Springi ikiwa imejazwa haifunguliwi kamwe, inaweza kukata vidole.

Kichwa cha sauti kina shida yake. Mpira unaoshika kiwambo ukishakauka, mrija laini wa mpira wa upana unaofaa unaweza kukaa mahali pake, na kiwambo cha ulanga kilichopasuka hubadilishwa na kingine chembamba. Lakini vichwa vilivyomiminwa kwa aloi ya zinki yenye risasi huvimba, hupasuka na kumeguka vyenyewe, wala havichomeleki. Hapo ndipo wengi huagiza India. Ni vizuri kuwa macho: huko kunatoka pia gramafoni nzimanzima za kisasa zenye nembo ya kuiga, na kichwa chake kizito hula santuri vibaya.

Kipuri ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo kabisa. Ndani ya kidhibiti mwendo kuna vipande 3 vya springi nyembamba, kila kimoja na kijidonge cha risasi katikati. Mhimili ukizunguka, vidonge hutanuka nje na kuvuta kisahani kwenye breki ya ngozi, mwendo ukatulia. Kipande kimoja kikivunjika, mashine hutetemeka na kila wimbo hupanda na kushuka. Mtu mwenye karakana anaweza kukikata kutoka kwenye geji ya kupimia nafasi ya valvu za gari, mradi vyote 3 viwe na unene mmoja na uzito mmoja. Kisha huchomeka karatasi chini ya santuri, huitazama saa na kuhesabu. Karatasi ipite mara 78 kwa dakika. Ikipita 82, gitaa la Mwenda linapanda karibu sauti nusu, na hilo silo gitaa alilolipiga Jadotville.