Waliopewa Ardhi, Wasipewe wa Kuwasikiliza

Kila ifikapo 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, husifiwa ardhi na ukarimu wa Tanzania, lakini afya ya akili hutajwa mwishoni, kana kwamba ni mzigo mpya wa mashirika ya nje. Historia ya Nyanda za Juu Kusini inakataa. Kuanzia 1942 Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Kazakhstan waliingia Tanganyika kupitia Iran, wengi wakiwa wanawake, watoto na mayatima. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru. Mamia wakaletwa Ifunda, Iringa, na Kidugala, Njombe. Huko walikuwa na shule kwa lugha yao, kanisa na skauti. Atasema mtu kwamba walikuwa Wazungu, wakibebwa na serikali za kizungu. Ni kweli, na upendeleo huo hauna utetezi. Hata hivyo, aliyewapa watoto wale kengele ya shule na wimbo wa kwao alijua kuwa mkate peke yake hautulizi moyo.

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake miaka ya 1980, alikuta jambo la kutafakarisha. Mishamo watu walisimulia maafa yao tena na tena, mpaka yakawa historia ya taifa zima. Kigoma mjini wenzao walificha asili, wakaoa, wakafanya biashara, wakajiita watu wa pale. Nani alipona? Wapo wanaosema wa mjini, kwa kuwa walisahau. Sikubaliani nao: anayeishi kwa kuficha jina la kwao hulala na hofu ya kutambuliwa. Wala usimulizi wa Mishamo haukutosha, maana uliwapa heshima huku ukitunza uhasama. Kilichokosekana pande zote mbili ni msikilizaji aliyefunzwa, asiyekuwa jirani wala askari.

Mwaka 2014 maelfu ya Warundi hao wa 1972 walipata uraia; 2015 Warundi wengine wakamiminika kambi za Nyarugusu na Nduta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yenye vita ana tatizo la akili. Uraia hauondoi hilo, na mwenye uraia huenda atakako, hata kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, wilayani Chunya. Kwa hiyo Halmashauri ya Chunya ihakikishe zahanati zake zina muuguzi anayejua kuuliza habari za usingizi na hofu, si homa tu.