Degedege na Hesabu ya Kabla na Baada

Mzazi wa Mpitimbi, katika nchi ya Songea, hana haja ya kufasiriwa neno degedege. Kwa muda mrefu wazazi wengi wa Tanzania walilitenga na malaria: homa waliipeleka hospitali, degedege wakalipeleka kwa mganga. Tangu mwaka 2009, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika mji wa Blantyre, madaktari walipiga kwa mashine ya MRI picha za bongo za watoto waliozimia kwa malaria. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Watoto walikuwa 168, wakafa 25. Katika hao 25, watoto 21 walikuwa wamevimba sana ubongo walipolazwa. Katika 143 waliopona, 39 tu.

Hesabu hiyo yaaminika, kwani makundi yote mawili yalipimwa wakati wa kulazwa. Madaktari walirudia pia picha, wakaona bongo zilizovimba za waliopona zikinywea. Hapa yatupasa kutahadhari. Marehemu hana picha ya pili. Atazamaye "baada" awatazama walionusurika peke yao. Na lau wangalipewa dawa mpya, mwenye dawa angalijisifu bure, maana uvimbe ulipungua bila yeye.

Ndiyo sababu hutakiwa makundi mawili, moja lenye dawa na moja lisilo nayo. Hata hivyo wataalamu hujikwaa. Tuseme uvimbe umepungua kwa 10 katika kundi la dawa, na kwa 6 katika kundi la pili, kila kipimo kikiwa na kosa la makadirio la 4. Badiliko la kwanza lapita kiasi cha bahati, la pili halipiti. Je, imethibitika kuwa dawa imefaa? La! Tofauti ya mabadiliko hayo ni 4, na kosa lake lakaribia 6.

Mwaka 2011 Sander Nieuwenhuis na wenzake wawili, huko Uholanzi, walichungua makala 513 za elimu ya ubongo na neva katika majarida matano makubwa (si ya vichochoroni). Makala 157 zilihitaji ulinganisho wa namna hiyo, 79 zilikosea.

Turudi kwa watoto. Waliovimba sana walikuwa 60, nao 39 wakaishi. Wengi wa waliokufa walikatika pumzi. Yumkini mtoto akisaidiwa kupumua mpaka uvimbe upungue ataokoka; lakini jambo hilo halithibitiki kwa kuwahesabu waliopona, ila kwa kuwagawa watoto kwa kura siku ile ya kulazwa, na kuwahesabu wote, hai na wafu.