Jirani na Mgonjwa: Maisha ya Pamoja na Afya Katika Mwambao wa Lyulilo

Sura zilizotangulia katika kitabu hiki cha kumbukumbu zimeeleza habari za wachungaji, wainjilisti, majengo na kwaya. Sura hii inakusudia kugusa jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi katika daftari za usharika, nalo ni jinsi watu wa mwambao huu walivyoishi pamoja kama majirani, na jinsi kuishi huko kulivyowajengea au kuwabomolea afya. Jambo hili limekuwa zito katika miaka yetu, kwa kuwa Lyulilo si kijiji tena kwa maana ile waliyoijua baba zetu, wala bado haijawa mji.

Lyulilo ipo kama kilomita mbili mashariki ya Matema, mahali ambapo ufuo wa mchanga unakomea na Milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Anayetaka kuendelea mbele hadi Ikombe hana budi kupanda mtumbwi au kufuata njia ya miguu iliyobanwa kati ya mlima na ziwa. Hivyo watu wa bonde na watu wa majini wamekutana hapa tangu zamani.

Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipofika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia migomba iliyopandwa vizuri, nyumba nadhifu na viwanja vilivyofagiliwa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kati ya 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza desturi zao. Mama Wilson aliandika vitabu kadhaa kutokana na kazi hiyo, na cha kwanza, kilichotoka mwaka 1951, kilihusu vijiji vya marika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za wazazi wao usiku, wakajijengea vibanda vyao mahali pamoja, na hatimaye wakaoa na kuzeeka pamoja kama majirani. Jirani wa mtu kwa hiyo hakuwa ndugu yake wa damu, bali mwenzake wa rika. Raha ya kula, kunywa na kuzungumza na wenzao waliiita ukwangala, na mtu aliyekula peke yake alihesabiwa kuwa mtu asiyefaa.

Ni rahisi kuona faida ya mpango huo kwa afya. Mtu asipotokea shambani, rika lake lilitambua. Mgonjwa alitazamwa na watu waliomjua tangu utoto. Hata hivyo sisi wachungaji tunapohubiri juu ya ujirani wa kale huwa tunauimba kana kwamba haukuwa na mwiba. Akina Wilson waliandika pia habari za ile iliyoitwa pumzi ya watu, yaani imani kwamba majirani wakimkasirikia mwenzao kwa kosa la haki, manung'uniko yao yanaweza kumtia baridi na homa. Mgonjwa alijiuliza kwanza ni nani aliyemkasirikia. Jirani alikuwa dawa, na jirani huyo huyo alikuwa tishio. Imani hiyo haikufa siku watu walipobatizwa, na anayetaka kuelewa ugomvi mwingi wa misibani leo lazima aikumbuke.

Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia katika nchi ya Konde mwaka 1891, na mwaka 1893 wakafungua kituo Ikombe kati ya Wakisi. Wakati huo hakuna daktari hata mmoja duniani aliyejua kwa hakika kwamba malaria huletwa na mbu. Ronald Ross aligundua vimelea ndani ya mbu mwaka 1897, huko India. Watu waliamini kwamba homa inatoka katika hewa mbaya ya mabonde, ndiyo maana vituo kama Manow na Mwakaleli vilijengwa juu, penye baridi. Ikombe ilikuwa na ukanda mwembamba tu wa ardhi, na homa ilikuwa mwenyeji wa pwani yote ya ziwa. Kazi ya misheni upande huu hatimaye ikawa na makao yake Matema, ambapo hadi leo ipo Hospitali ya Kilutheri inayohudumia watu wa pande zote za ufuo huu.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliwapa Wakristo wa hapa mtihani mwingine. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walisaidia kuangalia misharika, lakini hawakuwa wengi, na mzigo wa kila siku ulibaki kwa wainjilisti, walimu na wazee wa hapa hapa. Katika hali hiyo ndipo yakaja mafua makuu ya 1918, yaliyoua makumi ya maelfu ya watu katika Tanganyika nzima. Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920 na kuondolewa tena ilipozuka Vita ya Pili. Tunapohesabu miaka mia ya kazi, tusisahau kwamba sehemu kubwa ya huduma kwa wagonjwa katika miaka hiyo ilifanywa na watu ambao hawakuwa na sanduku la dawa.

Sasa nije kwenye soko, kwa maana hapo ndipo ilipo roho ya Lyulilo. Siku ya Jumamosi mitumbwi huja kutoka Ikombe na sehemu nyingine za Wakisi ikiwa imesheheni vyungu. Ufinyanzi huu ni kazi ya wanawake. Mfinyanzi hana gurudumu. Huinua chungu kwa mikono, akikizungusha kidogo kidogo juu ya kitako cha chombo kingine, hukilainisha, hukipaka rangi nyekundu na nyeupe, na mwishowe vyungu huchomwa pamoja katika moto wa wazi. Ni kazi inayohitaji wengi: wa kuchimba udongo, wa kukusanya kuni, wa kupiga makasia. Wakisi walikuwa na ardhi ndogo ya kulima, kwa sababu mlima uliwasukuma majini. Wanyakyusa wa bondeni walikuwa na ndizi na nafaka. Kwa hiyo chungu kilibadilishwa kwa chakula, na kwa njia hiyo makabila mawili yenye lugha mbili yalilishana kwa muda mrefu kabla ya sarafu kuenea. Kutoka Lyulilo vyungu hivyo vimesafiri hadi Mbeya na kupita.

Msomaji aliyezoea maduka ya mjini asidhani kwamba soko hili lilikuwa la biashara tu. Hapo mama alijua kwamba binti yake aliyeolewa ng'ambo amejifungua. Hapo habari za homa, za mafuriko na za mtumbwi uliozama kwa pepo za mwera zilipokelewa. Hapo pia mgonjwa aliletwa kwa mtumbwi ili apelekwe Matema. Binafsi naamini kwamba soko la Jumamosi lilifanya kazi ya kuunganisha watu ambayo sisi viongozi wa kanisa tulichelewa kuipa heshima yake, labda kwa sababu vilabu vya pombe navyo vilikuwa karibu.

Baada ya Uhuru, serikali nayo ilifanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu wakiwa pamoja. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Watu wazima wapatao milioni mbili nchini walishiriki. Ukiitazama vizuri, kampeni hiyo ilitumia njia ile ile ya rika na baraza, ila mwalimu alikuwa sauti ya redio. Kikundi kilichochimba choo cha mjane hakikuhitaji kuamriwa mara mbili.

Kisha ukaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ukafuata barabara kuu, mipaka na masoko. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003–04 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mbeya zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima walikuwa na virusi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Kyela, iliyopo mpakani na Malawi, haikuweza kukwepa. Katika desturi yetu msiba ni mkubwa: watu hukaa siku nyingi, huchinja, hulia kwa sauti. Misiba ilipofuatana, desturi ile ile iliyokuwa faraja ikageuka mzigo uliofilisi nyumba. Zaidi ya hayo ile pumzi ya watu ikarudi. Familia zilitafuta mchawi badala ya kipimo, na wengine kwa jina la dini wakasema ni adhabu, wakamwacha mgonjwa peke yake. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bila malipo kuanzia mwaka 2004, mambo yakabadilika. Uchunguzi wa 2011–12 ulionyesha asilimia 9 kwa mkoa wetu. Dawa hizo lakini humezwa kila siku, na anayezimeza kila siku anahitaji mtu anayejua kwamba anazimeza. Akina mama waliotembelea nyumba hadi nyumba bila kuuliza maswali ya kuaibisha walifanya kazi ambayo haiandikwi katika takwimu.

Badiliko la karibuni ni la barabara. Kwa miaka mingi safari ya kutoka Kyela hadi Matema wakati wa masika ilikuwa ya matope, kwa kuwa upande huu wa ziwa hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Barabara ya lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, yenye urefu wa kilomita 39, ilizinduliwa mwaka 2019. Mgonjwa hufika hospitali upesi, mchele na kakao hutoka, bodaboda hufanya kazi hadi usiku. Nyumba za wageni zimeongezeka ufukweni, na pamoja nazo wamekuja wapangaji, wajenzi, wahudumu na wachuuzi wasiokuwa na shamba, ukoo wala rika hapa. Vijana wetu wenyewe nao wamekwenda Mbeya na Dar es Salaam, wakiwaacha wazazi katika nyumba kubwa za bati.

Mpangaji anapougua, nani ajuaye? Mwenye nyumba anajua tarehe ya kodi. Hili si neno la kuwalaumu wageni, kwa sababu Lyulilo siku zote imeishi kwa wageni. Mgeni wa soko la zamani lakini alikuwa na mwenyeji wake, nyumba aliyofikia na mtu aliyemjibia. Mgeni wa leo ana chumba tu.

Kipindupindu kilitukumbusha jambo hili. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi, na mwambao wa ziwa haukusalimika. Ugonjwa huo hauulizi nani ni mwenyeji. Choo kibovu cha nyumba ya kupanga hutiririka katika maji ambayo mwenyeji na mpangaji huchota pamoja, na mahali ambapo watu hawafahamiani hakuna anayejisikia kuwa na haki ya kumwambia mwenzake achimbe shimo. Mwaka 1973 kulikuwa na kikundi cha kumwambia.

Lipo pia suala la ufuo wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wazee wanaokumbuka jinsi maji yalivyopanda hadi kufikia kilele chake karibu na mwaka 1980 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Lakini viwanja vya ufukweni vina bei, na ukuta ukijengwa hadi mchangani, mtumbwi wa vyungu hauna pa kutua. Usharika unao washiriki katika pande zote mbili, waliouza viwanja na wanaotua na mitumbwi, na kwa hiyo hatuwezi kunyamaza kana kwamba ni mambo ya halmashauri peke yake.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kabla ya hapo, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukiandikisha kaya ya watu hadi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Ni jambo la kushukuru, na hospitali zetu za kanisa zinahitaji mgonjwa mwenye kadi kuliko mgonjwa mwenye deni. Kadi lakini humhesabu mtu ndani ya kaya. Mhudumu wa nyumba ya wageni anayeishi peke yake, na bibi wa miaka themanini ambaye watoto wake wameandikishwa Dar es Salaam, hao hawana kaya ya kuwaingiza.

Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba ziligawanywa zamani kwa kufuata koo na vitongoji, na katika sehemu nyingi hukutana asubuhi za siku za kazi, wakati ambapo mpangaji yuko kazini na mfinyanzi yuko majini. Baraza la wazee likipanga upya orodha za jumuiya za Lyulilo, lianze na vyumba vya kupanga vilivyo kati ya soko na ufuo, mlango kwa mlango, na siku ya kukutana iwe Jumamosi jioni, baada ya vyungu kuuzwa na kabla mitumbwi haijarudi Ikombe.